Mali bila daftari: historia ya kuhesabu nyama wa pori

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wafanya biashara wote wanaijua, toka Kisangani mpaka Lubumbashi. Mwenye duka asiyeandika vitu vilivyoingia na vilivyotoka, siku moja ataona duka tupu, wala hatajua kama ni mwizi, ni panya, au ni madeni ya ndugu zake yaliyommaliza. Mchungaji naye huhesabu ng'ombe wake jioni wakiingia zizini. Akikosa mmoja, anajua usiku uleule.

Lakini nyama wa pori hawana zizi. Tembo, kiboko, ngagi wa milimani: nani atawasimamisha mlangoni kusudi awahesabu mmoja mmoja? Kwa hiyo watu wengi wanafikiri ya kwamba hesabu zinazotajwa katika redio ni maneno ya kubuni tu. Wengine wanazipokea zote bila kuuliza neno. Sisi tunaona pande zote mbili zinakosa. Njia za kweli za kuhesabu zipo, na historia yake ni ndefu. Tena, jambo la kushangaza, historia hiyo haikuanza porini. Ilianza katika vitabu vya parokia, vile vitabu vya wabatizwa na vya wafu ambavyo kila katekista anavifahamu.

Tuifuate hatua kwa hatua mpaka tufike kwetu, kwenye miteremko ya mlima Mikeno. Njiani tutakutana mara nyingi na fundisho moja: kujua idadi ya walio hai hakutoshi. Lazima kujua pia wangapi wanazaliwa na wangapi wanapona toka mwaka hata mwaka.

1. Vitabu vya wafu

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaamuru mapadri kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kikaongeza kitabu cha wafu. Uingereza nayo ilikuwa imeanza kuandika vitabu vya namna hiyo toka mwaka 1538. Nia ilikuwa kumjua kila mkristu: amezaliwa lini, ameoa nani, amezikwa wapi. Hakuna aliyewaza juu ya elimu ya hesabu.

Katika mji wa London tauni ilikuwa inarudi mara kwa mara. Ndiyo sababu makarani wa parokia walitangaza kila juma idadi ya waliokufa. Wanawake wazee walioapishwa walikwenda nyumba kwa nyumba kutazama maiti na kusema ni ugonjwa gani ulioua. Watu walizisoma karatasi hizo, wakaogopa, halafu wakazitupa.

Mtu mmoja hakuzitupa. Jina lake John Graunt, mfanya biashara wa nguo. Alizikusanya karatasi za miaka mingi, akazilinganisha, na mwaka 1662 akatoa kitabu. Karatasi zile hazikuandika umri wa wafu. Graunt aliukisia kwa kutazama magonjwa, maana yako magonjwa yanayoua watoto wachanga zaidi. Akatengeneza orodha: katika watoto 100 wanaozaliwa, 64 tu wanafika umri wa miaka 6, wanaofika miaka 16 ni 40, wanaofika miaka 26 ni 25, na mwisho, mmoja peke yake anafika miaka 76. Hiyo ndiyo orodha ya kwanza ya kupona na kufa iliyopata kuandikwa kwa namna hiyo. Tena watu wa London walikuwa wanajisifu ya kwamba mji wao una watu mamilioni. Graunt alifanya hesabu kwa vizazi, kwa mazishi na kwa nyumba, akaona hawapiti 384,000.

Mwaka 1693 Edmond Halley, yule mwenye elimu ya nyota ambaye jina lake limepewa nyota yenye mkia, alipata vitabu bora zaidi. Vilitoka mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław katika nchi ya Polandi. Mchungaji wa Kiprotestanti, Caspar Neumann, alikuwa ameandika umri wa kila mfu. Halley hakukisia tena kama Graunt. Aliandika orodha ya umri wote, akaonyesha ya kwamba katika watoto 1,000 wa mwaka mmoja, 598 wanafika miaka 20.

Tazameni vizuri kilichotokea hapo. Hakuna mtu aliyepita mlango kwa mlango kuwahesabu wakaaji wa Breslau. Kitabu cha wafu, kikiwekwa pamoja na kitabu cha wabatizwa, kilitosha kusema habari za walio hai.

2. Samaki wenye alama

Hatua ya pili ilifanyika Ufaransa. Mwaka 1802 Pierre-Simon Laplace alitaka kujua idadi ya watu wa nchi nzima bila kuwahesabu wote. Alichagua wilaya ndogondogo sehemu mbalimbali, watu wakahesabiwa huko kwa uangalifu, pamoja na watoto waliozaliwa. Akaona ya kwamba kwa kila mtoto mmoja anayezaliwa katika mwaka, kuna watu 28 na kitu. Vizazi vya nchi nzima vilijulikana kwa sababu ya vitabu. Basi akazidisha, akapata watu karibu milioni 28. Kwa sehemu ndogo aliyoijua sawasawa, alipima sehemu kubwa asiyoiona.

Zaidi ya miaka tisini ikapita. Mwaka 1896 mtu wa Denmark, Johannes Petersen, alikuwa anachunguza samaki bapa wa ghuba ya Limfjord. Aliwatia alama, akawarudisha majini. Njia hiyo tuieleze kwa mfano wa kiziwa cha samaki cha kwetu.

Umevua samaki 100, umewatia alama, umewarudisha kiziwani. Baada ya siku chache, wakiisha kuchanganyika na wenzao, unavua tena na unapata samaki 80. Katika hao 80, wenye alama ni 20, maana yake robo. Basi ikiwa wenye alama ni robo ya waliovuliwa, yafaa kusema ni robo ya samaki wote wa kiziwa. Robo ni 100. Wote ni 400. Hukukausha maji, hukuua hata samaki mmoja, lakini umejua.

Mwaka 1930 Frederick Lincoln wa Marekani alitumia hesabu hiyohiyo kwa mabata wa porini. Wawindaji walirudisha pete walizozikuta miguuni mwa mabata waliowaua, na kwa pete hizo yeye akakisia idadi ya mabata wa bara zima.

Lakini hesabu hii ina masharti yake, na asiyeyashika atadanganyika. Kwanza, alama zisidondoke. Pili, kati ya kuvua mara ya kwanza na mara ya pili, samaki wasiingie wala wasitoke, wasizaliwe wala wasife. Tatu, mwenye alama asiwe mwepesi au mgumu kukamatwa kuliko mwenzake. Samaki aliyekwisha kuuona wavu mara moja, je, hataukimbia mara ya pili? Akiukimbia, wenye alama wataonekana wachache, na mhesabu atasema samaki ni wengi kuliko walivyo. Atavua kwa furaha, na mwaka ujao kiziwa kitakuwa kitupu.

3. Pete na mafuvu

Njia ya Petersen ilijibu swali «Ni wangapi?» Swali la Graunt, «Wanapona wangapi?», lilikuwa bado kwa nyama wa pori. Nani atawaandikia kitabu cha wafu?

Mwaka 1899 mwalimu wa shule wa mji wa Viborg, Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, alianza kuwavalisha kwezi pete za aluminiumu zenye namba. Toka siku hiyo ndege mmoja hakuwa tena ndege tu. Alikuwa na namba yake, kama mtu aliyeandikwa kitabuni. Pete ikipatikana baada ya miaka mitatu, inajulikana ameishi miaka mitatu.

Njia nyingine ilitoka katika mifupa. Huko Alaska, Adolph Murie aliyechunguza mbwa mwitu aliokota mafuvu ya kondoo wa milimani waliokufa. Pembe za kondoo hao zina miviringo, mmoja kwa kila mwaka, na mtu anaweza kusoma umri wao hata baada ya kifo. Mwaka 1947 Edward Deevey alichukua habari za mafuvu 608, akaziandika kama Halley alivyoandika wafu wa Breslau. Akaona ya kwamba wana-kondoo wengi wanakufa mwaka wa kwanza. Anayepita mwaka huo anakaa salama miaka mingi. Halafu, uzee ukianza, kifo kinarudi kwa nguvu.

Hapo pia kuna mtego. Fuvu la mwana-kondoo ni laini, linaoza upesi, linatafunwa na kupotea. Kwa hiyo watoto waliokufa walikuwa wengi kuliko mafuvu yao yaliyookotwa. Wafu wadogo ndio wanaosahauliwa kwanza. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

4. Asiyeonekana si lazima amekufa

Kila katekista anayo daftari ya mafundisho. Mtoto yupo Jumapili ya kwanza, hayupo ya pili, hayupo ya tatu, amerudi ya nne. Je, katika Jumapili zile mbili alikuwa amekufa? Hapana, alikuwa mgonjwa au alimfuata mama yake shambani. Lakini asiyerudi kabisa, habari zake ni nini? Labda amehama, labda amekufa, labda yupo ila hapendi kuja.

Shida hiyohiyo iliwasumbua waliochunguza nyama wenye alama. Kama ndege 100 walivalishwa pete na mwaka wa pili wameonekana 60, tusiseme 40 wamekufa. Mwaka 1964 Richard Cormack, na mwaka 1965 George Jolly na George Seber, walitoa hesabu ya kutenganisha mambo hayo mawili: kupona na kuonekana. Ufunguo wake ni wale waliopotea wakarudi. Mnyama aliyeonekana mwaka wa kwanza na wa tatu, lakini si wa pili, mwaka wa pili alikuwa hai bila shaka yoyote. Ni macho yetu yaliyomkosa. Tukihesabu wa namna hiyo ni wangapi, tunajua macho yetu yanakosa mara ngapi. Na tukijua makosa ya macho yetu, tunaweza kuyatoa katika hesabu ya wafu.

Hesabu ile ni ngumu kwa karatasi na kalamu, lakini maana yake ni nyepesi: kabla ya kusema «amekufa», upime kwanza wewe unaona vizuri kiasi gani. Lakini neno moja halikwisha: aliyehama moja kwa moja bado anafanana na aliyekufa. Kwa hiyo mwenye kuhesabu lazima aijue nchi yenyewe, pamoja na njia za nyama.

5. Ngagi wa Virunga

Sasa tufike kwetu. Gorila wa milimani, ambao watu wa Rutshuru wanawaita ngagi, waliandikwa katika vitabu vya wenye elimu baada ya tarehe 17 Oktoba 1902, siku kapteni Mdachi Robert von Beringe alipowaua wawili juu ya mlima Sabyinyo. Wenyeji walikuwa wanawajua toka zamani. Wazungu wengine wakafuata, kila mmoja akitaka ngozi na fuvu lake. Tarehe 21 Aprili 1925 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Parke Albert kusudi iwalinde. Ndiyo parke tunayoiita leo Virunga, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika.

Lakini ni wangapi waliolindwa? Hakuna aliyejua. Mwaka 1959 na 1960 George Schaller alikaa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, akiwafuata ngagi kwa miguu. Alikisia ya kwamba milima yote ya Virunga ina ngagi karibu 450.

Wanahesabiwaje? Kila jioni ngagi hutengeneza kiota cha kulalia kwa majani na matawi, naye hutumia kila kiota usiku mmoja tu. Asubuhi anaacha mavi yake pale. Wahesabu wanafuata njia ya kundi mpaka viota vya usiku mmoja, halafu vya usiku wa pili na wa tatu. Viota kumi, basi ni ngagi kumi. Mavi makubwa ni ya dume mzima. Nywele nyeupe zikibaki kiotani, ni mzee mwenye mgongo mweupe. Mavi madogo kando ya makubwa ni mtoto aliyelala na mama yake.

Kati ya mwaka 1971 na 1973 walihesabiwa tena: karibu 275. Mwaka 1981: karibu 250. Katika miaka ishirini karibu nusu walikuwa wamepotea! Mashamba yalikuwa yameingia porini. Mwaka 1969 upande wa Rwanda karibu hekta 10,000 za parke zilitolewa kulima pareto. Mitego ya kamba na ya waya iliyotegwa kwa ajili ya swala ilikata mikono na miguu ya ngagi. Wengine waliuawa kusudi vichwa na mikono yao viuzwe, au kusudi watoto wao wachukuliwe.

Mtu atasema: mitego michache na risasi chache, zitamaliza ngagi namna gani? Tufanye hesabu. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka karibu 10, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka karibu 4. Akizaa kwa miaka 20, amepata watoto 5. Na katika hao, mmoja au wawili wanakufa wachanga. Hawezi kuzaa upesi zaidi hata akiona hatari. Basi wachukue ngagi wazima 100. Kama kila mwaka katika kila 100 wanapona 98, baada ya miaka 20 katika wale wa kwanza watabaki 67. Kama wanapona 95, watabaki 36. Tofauti ni watatu kwa mwaka katika 100! Mwaka wa kwanza hakuna jicho litakaloiona. Baada ya miaka ishirini inakuwa tofauti ya kuishi na kwisha.

Kwa sababu hiyo idadi ya vichwa peke yake haikutosha. Mwaka 1967 Dian Fossey alianza kazi Kabara. Mwezi wa Septemba mwaka uleule akahamia Karisoke, upande wa Rwanda. Huko alichora mikunjo ya pua ya kila ngagi, maana hakuna wawili wenye pua moja. Pua ikawa badala ya pete. Fossey aliuawa mwaka 1985, lakini daftari iliendelea: jina, mama, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Kwa mara ya kwanza ngagi walikuwa na kitabu cha wabatizwa na kitabu cha wafu.

6. Hesabu mbili ndani ya moja

Toka mwaka 1979 upande wa Rwanda, na katika miaka ya 1980 upande wa Zaire, walinzi waliongezwa, mitego ikaondolewa, wageni wakaja kutazama ngagi na kulipa fedha. Toka mwaka 1986 madaktari wa nyama wanawatibu ngagi walionaswa au wagonjwa. Mwaka 1989 walihesabiwa karibu 320. Halafu vita vikaja. Mwaka 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu walikaa katika kambi kandokando ya parke, nao walihitaji kuni za kupikia. Wengi walidhani ngagi wamekwisha. Mwaka 2003 wakaonekana 380. Mwaka 2010, 480. Na mwaka 2015 na 2016, 604.

Njia ya kuhesabu nayo ilisahihishwa. Mwaka 2006, katika msitu wa Bwindi, Uganda, viota vilisema ngagi ni 336. Mavi yaliyookotwa viotani yakapelekwa kwa wataalamu wanaosoma ndani yake alama za uzazi za kila mnyama, ambazo hazifanani kwa wawili. Wakapata ngagi 302 tu. Kumbe wengine walikuwa wanatengeneza viota viwili usiku mmoja! Baadaye msitu ulipitiwa mara mbili, na aliyepatikana mara zote mbili alihesabiwa kama samaki wa Petersen mwenye alama. Ndivyo ilivyofanyika Virunga mwaka 2015 na 2016, na Bwindi mwaka 2018, ambako walipatikana 459. Jumla ya milima yote ikawa 1,063. Katika Novemba 2018 shirika la dunia la kulinda viumbe, IUCN, lilikuwa limekwisha kuwatoa ngagi katika daraja la hatari ya mwisho na kuwaweka katika daraja la hatari linalofuata.

Lakini jumla nzuri inaweza kuficha jambo. Mwaka 2011 wenye elimu waliochunguza daftari za miaka arobaini, toka 1967 mpaka 2008, walitenganisha ngagi wa Virunga katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni makundi yaliyozoea watu, yanayoangaliwa kila siku na kutibiwa. Hayo yaliongezeka karibu 4 kwa mia kila mwaka. Fungu la pili ni makundi yasiyozoea watu, yaliyolindwa kwa doria ya kawaida tu. Hayo yalipungua, karibu 0.7 kwa mia kila mwaka. Mlima ni mmoja, chakula ni kimoja, lakini wengine walikuwa wanapanda na wengine wanashuka. Aliyetazama jumla peke yake aliona kupanda tu.

7. Kuhesabu si kuokoa

Tusidhani ya kwamba kitabu kinalinda chenyewe. Ziwa Eduardi na mito yake vilikuwa na viboko karibu 29,000 katika miaka ya 1970, wengi kuliko mahali pengine. Walihesabiwa kwa ndege, walihesabiwa kwa mitumbwi. Mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kila hesabu ilitoa habari ya kweli. Lakini askari wa vita mbalimbali walitaka nyama na meno, na habari ya kweli haikuzuia risasi.

Hata ngagi waliookolewa, waliokolewa kwa damu. Tarehe 22 Julai 2007 watu wenye silaha walimwua dume mkubwa Senkwekwe pamoja na majike wa kundi lake. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa parke waliuawa siku moja. Toka parke ianzishwe, walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Tunapotaja 604, tukumbuke na hesabu hiyo, maana moja haikupatikana bila nyingine.

8. Na watu je?

Ndugu zetu wanaokaa kandokando ya parke wanauliza neno moja, nalo ni la haki: «Ngagi wanahesabiwa, wanaandikwa majina, wanapata daktari. Na sisi je?» Sensa ya watu wa nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Kwa miaka 40 iliyofuata haikufanywa nyingine, na katika miaka hiyo ngagi wa Virunga walihesabiwa mara nne na zaidi. Watu wetu wanakisiwa tu, karibu kama Laplace alivyowakisia Wafaransa mwaka 1802. Lakini Laplace alikuwa na vitabu kamili vya vizazi.

Hatusemi ya kwamba ngagi wamehesabiwa mno. Tunasema ya kwamba njia iliyowaokoa ilitoka kwa watu, nayo yafaa irudi kwa watu. Ilitoka katika kitabu kilichoandikwa na karani wa parokia, jina kwa jina, bila kujua kitafaa nini.

Ninyi makatekista wa vijijini, mnaandika wabatizwa vizuri, maana siku ya ubatizo ni siku ya furaha na padri yupo. Wafu je? Tumeona vitabu ambamo wabatizwa ni kurasa mia mbili na wafu ni kurasa kumi. Zaidi ya yote wanakosekana watoto wachanga: wanazikwa jioni nyuma ya nyumba, mama analia, na hakuna anayekwenda kuliandika jina. Ni kama mafuvu ya wale wana-kondoo wa Alaska. Kwa kitabu cha namna hiyo kijiji kitaonekana kinakua, na homa inayoua watoto wake haitaonekana mahali popote. Mganga wa dispensari atauliza, «Mwaka jana wamekufa watoto wangapi?», na wakubwa wa kijiji watatazamana.

Basi kitabu cha wafu kisikae kabatini. Akifa mzee, andikeni. Akifa mtoto wa siku tatu, nendeni kwa mama yake, mpeni pole, na andikeni: jina, umri, mwezi, na ugonjwa kama unajulikana. Kazi hiyo inamaliza dakika tano na wino kidogo.